Kwa Postamasta Mkuu wa Marekani: Kosa la Bahasha ya Mraba

Mheshimiwa,

Ama baada ya salamu, sisi hatujambo, hofu ni kwako wewe na mashine zako.

Kwanza pokea heko. Bahasha ya wakia moja itokayo Florida kwenda Alaska hulipiwa sawasawa na inayokwenda nyumba ya pili. Umbali mmeusamehe, kama Rowland Hill alivyowasamehe Waingereza mwaka 1840. Mlichoshindwa kusamehe ni umbo.

Sisi tuliotokea Tanga, Mombasa au Bukavu tukiozesha hatutoi kadi ya mzaha. Kadi ni ya mraba, ina utepe, ina lulu ya plastiki katikati. Kwenu nyinyi huo ni mlolongo wa makosa. Mraba ni kosa, kwa kuwa mashine ya kupanga barua hutafuta upande mrefu ili ijue juu ni wapi, na mraba hauna. Uvimbe wa lulu, kosa. Bahasha ya kufungwa kwa uzi na kifungo, kosa. Hata kuiandika anwani sambamba na upande mfupi, kosa.

Basi shangazi wa bi arusi hana budi kukaa na rula ya shule na mizani ya jikoni. Apime urefu, agawanye kwa kimo. Jibu likishuka chini ya 1.3 au likipita 2.5, ada ya ziada. Unene ukipita robo inchi, hiyo si barua tena. Na ikishapita hapo, kama haikunjiki, au imevimba hapa ikanywea pale, inalipiwa kama kifurushi. Kifurushi! Ndani mna karatasi mbili na jina la ukumbi.

Stempu yenu ya Forever haichachi hata bei ikipanda, nakiri. Lakini yatosha wakia moja tu. Ukitia ramani ya ukumbi na kadi ndogo ya kujibia, mizani inasogea, stempu nyingine inadaiwa.

Mwaka 2010 mkatuonea huruma, mkatoa stempu yenye picha ya kipepeo, bei yake ikiwa na ada ya ziada humo humo, mahususi kwa bahasha zinazoikera mashine. Nimeipenda mno. Kwingine ukitozwa faini unapewa risiti. Kwenu unapewa kipepeo.

Ada yenyewe, naelewa, ni ujira wa mkono unaopanga kile kilichoishinda mashine. Sina ugomvi na mkono huo. Ila kwa desturi ya arusi zetu, mwenye kuchanga hupewa kadi, ya singo (mtu mmoja) au ya dabo (watu wawili) kulingana na mchango wake. Sisi tumewachangia kwa kila bahasha, na bahasha zetu ni mamia. Tunaomba kujua sherehe yenu ni lini, na kama kadi yetu ni ya dabo.

Wenu katika mraba,

Mjumbe wa kamati ya arusi