Injini Imekuja Kufanya Nini Huku?

Ipinda, wilayani Kyela, mgeni hafungi mizigo yake mwenyewe. Yeye hutaja siku ya kuondoka tu. Kazi inayobaki ni ya ndugu, majirani, na yule bibi wa nyumba ya tatu ambaye hukumbuki mnahusianaje, ila yeye anakumbuka mpaka jina la babu mnayechangia. Ukija na Noah, wanajaza Noah. Ukija na Fuso, wanajaza Fuso, na bado kuna shangazi atakayenuna kwamba ndizi zake zimeachwa.

Mdogo wangu alikuja na gari la watu wawili.

Ni Toyota MR-S nyekundu, paa la turubai, aina iliyotengenezwa Japani kati ya 1999 na 2007 kwa ajili ya mtu anayesafiri na mchumba, miwani ya jua na mswaki. Alipoinunua, ukoo mzima ulimkalia kooni kuhusu vipuri, naye akatushinda: injini yake ni 1ZZ, ile ile iliyomo kwenye Wish na Allion kibao za hapa nchini, hata fundi wa chini ya mwembe anaifahamu. Tukanyamaza. Suala la buti halikuletwa kikaoni.

Safari ya kuja haikuwa na shida. Alikuwa ameangalia video za Wazungu wanaozunguka nchi zao kwa magari ya namna hiyo, akashika maelekezo yote: usibebe sanduku gumu, viringisha nguo, soksi zikae ndani ya viatu. Aliviringisha hata taulo langu. Vibegi vyetu viwili vikaingia kwenye visanduku vilivyo nyuma ya viti, na njia nzima kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 900, akawa ananiuliza kama sioni raha ya kusafiri mwepesi.

Tukafika mwezi wa sita, mpunga umeshavunwa. Hapo ndipo hesabu za Wazungu zilipoishia.

Asubuhi ya kuondoka Mama alitoka ndani, nyuma yake vijana wawili wamebeba gunia la mchele. "Fungua nyuma, mwanangu." Mdogo wangu akafungua nyuma. Mama akainama, akachungulia, akanyanyuka.

"Injini imekuja kufanya nini huku?"

Akaelezwa kwamba ndivyo gari lilivyoundwa. Wakazunguka mbele, boneti ikafunguliwa, na pale ambapo magari ya watu wengine yana injini kulikuwa na spea iliyolala chali, juu yake nafasi ya sufuria ya kati bila mfuniko. Baba mdogo, aliyeendesha malori ujana wake wote, alilizunguka gari taratibu, mikono nyuma, akauliza kwa heshima kabisa: "Hili limekwisha, au linaendelea kujengwa?"

Mtu wa mbali angesema basi, mchele ubaki. Haiwezekani. Kwanza kukataa mchele wa mama yako ni kumtangazia kijiji kwamba mjini umeota mapembe. Pili, mchele wenyewe ni wa Kyela kweli. Dar es Salaam kila mchele sokoni ni wa Kyela. Ukiwaamini wauzaji, wilaya hii ingebidi iwe na ukubwa wa Kongo. Anayetaka ule wenyewe, unaonukia kabla sufuria haijachemka, anakwenda kuubeba kwao.

Mama akaagiza foronya. Zikaja zile za kushonwa kwa mkono, zenye maua na maandishi ya "Usiku Mwema". Gunia likafunguliwa, mchele ukapimwa kwa sado na kumiminwa foronya moja baada ya nyingine, zikasukumizwa nyuma ya viti mpaka viti vikasogea mbele na magoti yangu yakagusa dashibodi. Nguo zilizoviringishwa kwa utaalamu zikatandazwa juu kuziba mianya. Soksi zilitolewa ndani ya viatu, karanga zikaingia.

Usipa, wale dagaa wakavu, walipewa chumba cha mbele, juu ya spea. Zamani wangefungwa kwenye plastiki fundo tatu, lakini tangu mifuko ile ipigwe marufuku Juni 1, 2019, usipa husafiri kwenye mifuko inayopumua, nanyi mnapumua pamoja nao. Dumu la mawese likabanwa kwenye kona nyuma ya kiti cha dereva, ukuta mmoja na injini.

Kikabaki chungu cha Wakisi, wale wafinyanzi wa Ikombe ambao vyungu vyao huletwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, Matema. Chungu hakibanwi, kwa hiyo nikapakatishwa mimi. Na kwa kuwa kilikuwa kitupu, na kuku wa shangazi alikuwa hana kiti, kuku akatiwa ndani ya chungu, kichwa nje. Mkungu wa ndizi ulisimamishwa kati ya magoti yangu, na kwa sababu ulikuwa mrefu kuliko gari, paa likafunguliwa.

"Ndaga fijo," tukashukuru. Gari likajibu kwa kulala chini.

Barabara yenyewe haina lawama: lami kutoka Ipinda hadi Kikusya, kisha lami mpaka Dar. Tatizo ni matuta. Gari lile likiwa tupu linapita juu ya tuta kwa kunyata. Likiwa limepakiwa na Mama linakaa juu yake. Ikawa kila tuta abiria anashuka na chungu chake, anatembea, anasubiriwa mbele. Tukuyu nimeipita kwa miguu, nikiwaamkia watu.

Halafu baridi. Ipinda iko bondeni, mita kama 500 juu ya usawa wa bahari; ukiacha Tukuyu barabara inapanda mpaka kuvuka 2,000 kabla ya kushuka Uyole. Mwezi wa sita, paa wazi. Mawese yaliganda yakawa kama sabuni ya kipande. Kuku alizama ndani ya chungu, hakuonekana tena mpaka Igawa. Askari mmoja wa barabarani aliuliza buti liko wapi ili akague, akaonyeshwa injini, akacheka mpaka akaturuhusu bila kuangalia leseni.

Ruaha Mbuyuni ndipo wauza vitunguu hulikimbilia kila gari. Walikuja mbio na vikapu, wakatutazama, mmoja akawaambia wenzake, "Hawa wameshapakiwa," wakarudi kivulini. Joto la kule liliyayeyusha mawese, nayo yakavimba na kuvuja kwenye kizibo. Foronya ya kwanza ikapata rangi ya machungwa, likafuata shati langu.

Pancha ilitukuta kabla ya Mikumi. Kufikia spea kulitaka usipa washushwe, wakaanikwa pembeni ya barabara kuu. Spea ikafungwa, nyembamba, ya dharura. Tairi lililotoboka ni pana, likagoma kuingia lilikotoka jembamba. Kati ya tairi na mkungu, kimoja kilipaswa kuacha safari. Dereva wa lori aliyetusaidia jeki akapewa ndizi, akafurahi. Alikuwa anakwenda Tunduma, kwa hiyo zile ndizi zilianza kurudi Mbeya siku ile ile.

Jioni Mama akapiga simu. "Ndizi zimefika?"

"Zimefika, Mama," mdogo wangu akajibu. Hakuulizwa wapi.

Wewe uliye na gari la namna hii na una wazazi Ipinda, liache Kyela mjini kwa mtu unayemwamini, uingie nyumbani kwa daladala. Ukiulizwa umesafirije kutoka Dar, sema basi. Watakufungashia vilevile, lakini basi lina buti.