Mwongozo wa Kurusha Glaida ya Injini, kwa Asiye na Haraka ya Kufa

Hongera kwa uamuzi wako. Glaida ya injini ni chombo cha mtu asiyependa kuchagua: ukitaka ni ndege, ukitaka ni tumbusi, na ukizembea si hiki wala si kile. Tuchukue Falke ya kiwanda cha Scheibe cha Ujerumani, ambayo ya kwanza iliruka mwaka 1963. Jina lake maana yake kozi, lakini lisikutishe. Nyingi zilifungwa injini ya Limbach, ambayo ni ya ukoo wa Volkswagen, ile iliyojiviringa kama kobe. Viti ni viwili, ubavu kwa ubavu. Cha pili ni cha mwalimu, ingawa nawe, bila shaka, umeshatazama video.

Kabla ya kupaa, ziache breki za hewa wazi. Hivi ni vibao vinavyochomoza juu ya bawa kuliharibia kazi yake. Vikiwa wazi, ndege itajikokota hadi mwisho wa uwanja, nawe utailaumu injini. Ilaumu tu, miti ya mbele haiondoki.

Ukifika juu salama, zima injini na utafute hewa ya joto inayopanda. Wenyeji wake ni tumbusi. Colin Pennycuick, mwanabayolojia Mwingereza, aliwafuata angani Serengeti kwa glaida ya injini, na mwaka 1972 akachapisha aliyoyaona katika jarida la Ibis. Kumbe rubani mwenye akili hujifunza kwa ndege mwenye manyoya! Ukiwakuta wanazunguka, zunguka upande wao na uwape nafasi. Hapa utani ukae kando kidogo: Januari 10, 1959, Michael Grzimek, mtafiti wa wanyama kutoka Ujerumani, alifariki Serengeti baada ya ndege yake kugongana na tumbusi. Ile ilikuwa ndege ya kawaida, lakini tumbusi hachunguzi aina.

Sasa kutua, ambako ndiko kwenye kazi. Shida ya chombo hiki ni kwamba hakitaki kushuka. Kwa kila mita moja ya kimo husonga mbele zaidi ya mita 20, na kikikaribia ardhi huelea zaidi, kama mgeni aliyeaga akabaki mlangoni anapiga soga. Rubani wa ndege za kawaida hupunguza moto, akangoja, akaushuhudia uwanja wote ukimpita chini ya miguu. Dawa ni zile breki za hewa ulizozisahau asubuhi. Zifungue kidogo kidogo huku ukishika kasi ileile. Pua ikiinuka, kasi inakufa. Wala usizivute hadi mwisho gurudumu likigusa chini, maana katika glaida nyingi mwisho wa wenzo wa breki hizo ndio breki ya gurudumu.

Kona ya mwisho kabla ya kuunyookea uwanja inastahili heshima yako yote. Umeipita njia kidogo, uko chini, uko polepole, na mguu unakuwasha kukanyaga pedali ili pua irudi upesi. Kanyaga, kama umeshaandika wosia. Bawa la ndani hupoteza nguvu ya kubeba, ndege inajipinda na kuanza kuzunguka ikishuka, na kimo cha kuinyoosha huna. Itazame ile gololi ndani ya kimrija chake: ikae katikati. Ikikimbilia pembeni, miguu yako inasema uongo.

Halafu kuna ile injini uliyoizima. Wengi huikumbuka wakiwa mita mia mbili juu ya mihogo ya watu, wakaanza kubembeleza swichi badala ya kutafuta pa kutua. Injini ya Volkswagen hugoma hata barabarani, penye fundi na watu wa kusukuma. Chagua shamba kwanza, ungali juu. Kisha ndipo ujaribu kuiwasha. Ikiwaka, ni bahati. Ikigoma, endelea na shamba lako.

Ukishasimama, usikimbilie kupiga picha. Zima swichi, funga mafuta, ifunge ndege kwa kamba. Mabawa yake yana upana wa mita 15 na ushei, na upepo huweza kuyaokota rubani akiwa ameshaagiza chai.