Mwongozo wa Kujitesa kwa Hiari Juu ya Ziwa Garda

Kwanza, hongera. Umenunua baiskeli ya changarawe, umeona picha ya maji ya buluu katikati ya milima ya kaskazini mwa Italia, na moyo umekwambia kwamba kuzungukia ziwa ni kazi nyepesi kwa kuwa maji hukaa tambarare. Hoja hiyo ina kasoro moja tu: hutapita majini. Uliyekulia kando ya barabara ya vumbi huenda ukashangaa kwamba watu hulipa nauli ya ndege kuja kuitafuta. Shangaa sasa, maana baadaye pumzi za kushangaa zitakosekana.

Ziwa Garda liko mita 65 tu juu ya usawa wa bahari. Njia tunayokupendekezea inaanzia Riva del Garda, mji ulio kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa, inapitia Bonde la Ledro, kisha inapanda hadi handaki dogo la Tremalzo, zaidi ya mita 1,800 juu. Halafu inarudi Riva kwa njia ya mawe. Ni kama kilomita 60 hivi. Ziwa utaliona mwanzoni na mwishoni. Kati ya hapo utaliona gurudumu lako la mbele.

Kuhusu vifaa, fundi baiskeli atakwambia uweke tairi pana, milimita 45 au zaidi, na gia nyepesi kuliko zote alizonazo dukani. Mpuuze. Tairi nyembamba hupendeza zaidi kwenye picha, na kusukuma baiskeli kwa mguu ni mazoezi mazuri ya mgongo. Koti pia liache. Riva ni mahali pa mizeituni na kaptura, na Limone, jirani yake wa kusini, hulima malimau. Ila kila upandapo mita 100 joto hupungua kwa zaidi ya nusu nyuzi, kwa hiyo handakini utakuta hewa iliyo baridi kwa nyuzi 10 au zaidi kuliko ile uliyoiacha ufukweni, na wewe umelowa jasho.

Toka umechelewa. Wenyeji watakusihi uondoke asubuhi na mapema, wakati Pelér, upepo wa kaskazini, unapovuma kuelekea kusini. Kuanzia adhuhuri huja Ora, upepo wa kusini, na ndio uliowafanya wapanda mawimbi wa tanga kuhamia Torbole, kijiji cha jirani. Anayetoka alfajiri kuelekea kusini husukumwa mgongoni, na anayerudi alasiri husukumwa tena. Ni nadra hali ya hewa kumfanyia mwendesha baiskeli wema mara mbili kwa siku. Kwa hiyo lala, kunywa kahawa ya pili, toka saa sita, uipokee Ora usoni.

Kilomita za kwanza ni za Ponale, barabara iliyochongwa kwenye jabali wima juu ya maji na kukamilika mwaka 1851 ili Bonde la Ledro lipate njia ya kufika ziwani. Magari yalihamishiwa kwenye handaki jipya, na tangu 2004 Ponale ni ya waenda kwa miguu na baiskeli. Ni nzuri kupita kiasi, na hapo ndipo hatari ilipo: kila kona kuna mtu amesimama katikati ya njia akijipiga picha, na mwingine anarudi nyuma hatua kwa hatua ili ziwa lote liingie. Kengele itakufaa kuliko miguu.

Ukifika Ziwa Ledro, mita 655, utajiona shujaa. Hapa mwaka 1929, maji yalipopunguzwa kwa ajili ya mtambo wa umeme wa Riva, zilitokeza nguzo nyingi za nyumba za watu wa Enzi ya Shaba. Watu hao waliliona ziwa, wakajenga, wakakaa. Hawakuendelea Tremalzo. Kuna pia polenta, ambayo mla ugali ataitambua kabla haijafika mezani.

Mbele kidogo ni Bezzecca. Julai 1866 Garibaldi, jenerali wa Italia, aliwashinda Waaustria hapa, na wiki chache baadaye akaamriwa aondoke Trentino. Alijibu kwa telegramu inayokumbukwa kwa neno moja: Obbedisco, natii. Magoti yako nayo yatatuma telegramu mahali hapahapa. Mwongozo wowote wenye heshima ungekuomba ufuate mfano wa jenerali. Huu unakuelekeza kushoto, baada ya mahali paitwapo Ampola.

Kutoka hapo ni lami mpaka karibu na nyumba ya wageni ya mlimani, na hakuna la kueleza isipokuwa kwamba inapanda, na inapoacha kupanda inakuwa imekudanganya. Wazee wa Kijerumani juu ya baiskeli za umeme watakupita wakikusalimia kwa upole. Itikia. Hasira inakula oksijeni.

Changarawe halisi inaanza juu. Kabla ya 1918 mpaka wa Italia na Austria-Hungaria ulipita hapa: Limone ilikuwa Italia, Riva Austria. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Italia lilichonga barabara hii ili kupandisha mizinga na mizigo, ndiyo maana mteremko wake hauui moja kwa moja. Ni kona baada ya kona zilizojikunja, vihandaki vyenye giza, na kando yake hewa tupu bila ukingo. Waliopita hapa na nyumbu walikuwa na sababu. Wewe una picha.

Hapa mzaha unapungua. Mawe yamelegea na hubingirika chini ya tairi. Uma wa baiskeli ya changarawe kwa kawaida hauna springi, kwa hiyo kila jiwe hupokelewa na viganja, na kabla ya kipito cha mlimani cha Passo Nota vidole vitakuwa vimekufa ganzi. Usibane breki mfululizo, diski zitapata moto. Bana, achia, bana tena, na umalize kupunguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Kutoka Passo Nota hadi kijiji cha Pregasina njia huwa mbovu zaidi, na kuna mahali ambapo kushuka na kusukuma ni busara, wala si aibu. Kwa kweli anayeijua njia hii huja na baiskeli ya milimani, anatusikiliza sisi wa changarawe tukisifia wepesi wa zetu, ananyamaza.

Ukishupaza shingo, njoo kati ya Juni na Septemba. Beba taa ya mahandaki, lita mbili za maji, mipira miwili ya ndani, pampu, na lile koti tulilokwambia uache. Wakati wa kiangazi radi hupenda alasiri, kwa hiyo wingu jeusi likitanda juu ya Tremalzo, geuza. Namba ya dharura nchini Italia ni 112. Kuipiga ni bure, hata kwa walioufuata mwongozo huu.