Heko, Skripti Isiyolalamika

Wengine na wawasifu majemadari. Mimi nampigia makofi mtumishi mpole kuliko wote ofisini: skripti ya bekapu aliyoiacha fundi aliyehama zamani, ambayo kila siku saa nane za usiku hufanya yake na haijawahi kumwamsha mtu.

Tazameni adabu yake. Katika Linux, kila amri ikimaliza huacha namba: 0 ni salama, 1 hadi 255 kuna lililoharibika. 127, amri haikupatikana. 137, mchakato umeuawa, aghalabu kwa sababu kumbukumbu ya mashine imejaa. Umbea mtupu! Skripti yetu haisikilizi umbea. Kila mstari unaishia na 2>/dev/null, malalamiko yote yakapotelea huko. Pale palipokuwa na wasiwasi zaidi pamebandikwa || true, na tangu hapo hakuna kinachoshindikana.

Lakini ustadi wenyewe uko kwenye mstari wa mysqldump | gzip. Kwa kawaida Bash hutazama namba ya amri ya mwisho peke yake. Hifadhidata ikikataa nywila, mysqldump huanguka bila kutoa hata herufi. Gzip, mwaminifu yule, huupokea utupu, huufungasha vizuri, na kutoa faili la baiti 20 lenye jina kamili na tarehe ya leo. Kisha hurudisha 0. Nafasi ya diski inayookolewa haisemeki! Mkaguzi akija huonyeshwa mafaili yamejipanga, moja kwa kila siku, akatia tiki.

Nisimsahau ndugu yake mkubwa aliyeandikwa kwa Perl, lugha aliyoileta Larry Wall mwaka 1987. Yeye ana system(...) or die. Kwa kuwa system hurudisha 0 amri ikifaulu, na Perl huihesabu 0 kuwa si kweli, skripti hii hujiua kazi ikifanikiwa na kusonga mbele ikiharibika. Unyenyekevu gani tena mnautaka?

Wapo wachokozi wanaokuja na set -o pipefail, ili Bash isiifiche amri yoyote ya mstari iliyoanguka, wakifuta || true moja baada ya nyingine, mpaka barua za makosa zikajaa kila asubuhi. Anayependa usingizi asiwakaribishe. Anayependa data zake na alifungue faili la jana, leo hii, alipime uzito.