Kwa Wakuu wa Mji Mkongwe: Tangazeni Rasmi Kwamba Upepo Umepigwa Marufuku

Kwa Waheshimiwa wote wenye mamlaka juu ya Mji Mkongwe wa Zanzibar na maji yaliyo mbele yake,

YAH: KUFUTWA KWA UPEPO BANDARINI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Kwanza pokeeni pongezi. Tangu mji wetu uingizwe kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, tumefundishwa kukienzi kila kilicholetwa na matanga: milango ya nakshi, mabaraza, vioo vya rangi vya madirishani. Jahazi limechorwa kwenye fulana, kwenye vibao vya mikahawa na kwenye picha za kuuzia watalii. Hata tamasha letu kubwa la filamu limejulikana miaka mingi kuwa la Nchi za Jahazi. Kilichosahauliwa ni kitu kidogo tu, nacho ni jahazi lenyewe.

Kusahau huko kusingeleta tabu kama wasingekuwapo mabaharia. Lakini hutokea mtu na mkewe, tuseme wametoka Madagaska na yoti yao wakisukumwa na upepo wa kusi, wakatia nanga mbele ya mji. Watu hawa wawili wanawaumbua. Wanapeleka makaratasi forodha na uhamiaji, wanatafuta maji ya kunywa, wanakwenda soko la Darajani kununua ndimu, viazi na samaki, wanaulizia fundi wa kushona tanga lililochanika, kisha wanakaa kungoja upepo. Mgeni wa hoteli anautazama mji. Hawa wanautumia kwa kazi uliyojengewa. Wakiulizia picha ya tanga, wataonyeshwa maduka hamsini. Wakiulizia fundi wa tanga, wataambiwa wasubiri kidogo, kuna mzee mmoja ataulizwa.

Tukumbushane jinsi mji huu ulivyopata mali. Kaskazi ikianza kuvuma mwisho wa mwaka ilileta vyombo kutoka Oman, Ghuba na India. Kurudi kwao kulingoja kusi, mwezi wa Aprili na kuendelea. Katikati ya pepo hizo mbili mfanyabiashara hakuwa na hila, alikaa. Alipokaa alikodi nyumba, alikula, alikopesha, alioa, akajenga. Chombo chake nacho kililazwa mchangani maji yakitoka, kikakalafatiwa: fundi akasokota pamba yenye mafuta, akaishindilia kwa patasi baina ya mbao na mbao, akagonga taratibu mpaka mlio ukawa mkavu, kisha chini kukapakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Shehena ilikuwa karafuu, pembe na, kwa aibu ya historia yetu, binadamu. Lakini ghorofa nyingi mnazozilinda leo zilitokana na watu waliozuiliwa hapa na upepo na mafundi waliowahudumia. Nyinyi mmeihifadhi faida, mkaliacha duka lifungwe.

Ushahidi wa fikra hii ya kuhifadhi kitu na kuiacha kazi yake ulikuwa Beit al-Ajaib. Ndani ya jumba hilo la Sultan Barghash, lililojengwa mwaka 1883, uliwekwa mtepe ulioundwa upya, aina ya chombo cha pwani yetu kilichoshonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari. Chombo cha baharini kikahifadhiwa chini ya paa, na bila shaka ilionekana hapo ndipo penye usalama. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jumba ikaporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Msiba huo si wa kufanyiwa mzaha, ila unafundisha jambo: kitu kinachowekwa kutazamwa tu kinategemea uzima wa kuta zinazokizunguka. Ujuzi ulio mikononi mwa vijana kumi hauporomoki na jengo.

Najua majibu mliyonayo. La kwanza ni hesabu: watu wawili ni nini mbele ya meli ya kitalii inayoshusha mamia? Lakini abiria wa meli ile huletwa asubuhi ameshakula na hurudishwa jioni kwenye chakula alichokwisha kulipia. Wa yoti hukaa siku na wiki, naye hununua sokoni na kwa fundi. Wahenga waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, walimkusudia anayekaa. La pili ni usalama: matanga ni hatari, mashine ni maendeleo. Basi tukumbuke kwamba feri mbili, Spice Islander, iliyozama Septemba 2011, na Skagit, iliyozama Julai 2012, zote zilikuwa na mashine. Spice Islander ilipakia watu kupita kiasi, na hakuna injini inayoponya uzembe wa kupakia. La tatu ni kwamba zama zimepita. Hakuna anayeomba feri za saa mbili hadi Dar es Salaam zisimame. Hata wale wa yoti wana injini, umeme wa jua na ramani kwenye simu. Wanatumia vyote, na tanga bado wanalipandisha. Na Nungwi bado wapo wanaounda vyombo vya mbao, ngalawa bado zinavua. Zama zisizopita kwa mvuvi zimepitaje kwa bandari?

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Katika kila mpango wa hifadhi utakaoandikwa, fundi wa chombo atajwe kama anavyotajwa fundi wa mlango. Pwani ya mji ibakishwe kipande cha mchanga cha kulaza vyombo, kisijengwe mkahawa wa kutazamia machweo. Vijana walipwe kujifunza kukalafati na kushona matanga, na mgeni anayetia nanga aonyeshwe walipo. Gharama yake haiwezi kuwashinda wanaopaka rangi kuta kila mwaka.

Mkiona ni mzigo, basi kuweni wakweli kwa wateja. Toeni tangazo kwa mabaharia wote kwamba bandari hii imefungwa kwa upepo hadi itakapotangazwa vinginevyo, na kwamba wenye matanga wanakaribishwa kwa ndege.

Wenu mtiifu,
Mkaazi mlipa kodi

Nakala: Kusi, Kaskazi (kwa taarifa)