Kibodi Isiyojua A

Kiswahili kinaweza kuishi bila Q, na hata Z kingevumilia kuikosa siku mbili tatu. Lakini jaribu kuandika "Baba, salama?" bila A. Kibodi niliyoiunda kwa mikono hapa Same iliandika "Bb, slm?" na mzee akauliza tangu lini nimeanza kuandika kama watoto wa sekondari.

Kibodi ya kawaida unaipata Kariakoo kwa bei ya kuku mmoja. Yangu ilikwisha kula mbuzi kabla haijatoa hata nukta. Watani wetu husema Mpare huuza ng'ombe ili afuatilie kesi ya kuku. Tunakanusha, kisha tunaulizia ng'ombe wamefika bei gani.

Vifaa vilitumwa kwa basi. Basi lilipita Same usiku, kondakta yuko usingizini, mzigo ukaenda kutalii Moshi. Uliporudi nikakuta swichi 60, dayodi 60 aina ya 1N4148, na Raspberry Pi Pico yenye chipu ya RP2040. Pico haina miguu ya kutosha swichi zote, ndiyo maana vitufe hupangwa mistari 5 ya kulala na 12 ya kusimama. Miguu 17 inatosha. Dayodi zinafukuza mizimu: bila hizo, ukibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, kompyuta inaweza kuona na cha nne ambacho hukukigusa.

Ikabaki programu ya kukaa ndani ya chipu. Nilichagua QMK, ya bure, iliyochipuka kutoka TMK ya Mjapani Jun Wako. Kuiingiza, wanasema, ni rahisi: shikilia kitufe cha BOOTSEL, chomeka waya, Pico inajitokeza kwenye kompyuta kama flashi, buruta faili, kwisha. Yangu haikujitokeza. Waya niliouziwa stendi ulipitisha umeme tu, data hapana. Nilipoulalamikia, muuzaji akanitoa wasiwasi: "Huo unachaji haraka sana, bosi."

Waya wa maana ulipopatikana, faili la mfano nalo likashikilia kuwa dayodi zimetazama upande mmoja, na zangu zimetazama wa pili. Vitufe vyote 60 vikanyamaza. Nikabadilisha neno moja ndani ya faili, herufi zikamiminika, isipokuwa mstari wa Q, A na Z. Umeme ulikuwa umekatika katikati ya kuulehemu, risasi ikaganda kabla haijashika.

Nikaenda kwa fundi redio anayepasha chuma chake kwenye jiko la mkaa. Umeme ukatike, usikatike, yeye kazini. Akagusa mara moja, akaigeuzageuza. "Kaka, hii inashika stesheni gani?"

Nyumbani nikamkuta shangazi, ameshuka kutoka Mbaga na furushi la tangawizi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mwanangu, pesa zote hizo, na za dukani zipo?"

Nikainamisha kichwa, hadi nilipokumbuka kilichomleta mjini: mpaka wa shamba, migomba miwili, kesi aliyoirithi kwa babu.

"Inaandika sasa?"

"Inaandika."

"Basi niandikie rufaa."

Akavuta kiti. Tulipofika ukurasa wa nne, A zote zikiwa mahali pake, akaniruhusu ninyooshe vidole kidogo. Utangulizi ulikuwa umekwisha.