Andikeni Nimekufa

Mpwa wangu akinipigia simu huwa anaanza na vocha na kumalizia na shikamoo. Jumapili ile alianza na shikamoo. Akauliza hali ya anti yake, akauliza kama mvua imefika huku Tabata, akawaulizia na kuku. Kuku wangu hajawahi kuwaulizia hata siku aliyomla mmoja wao. Nikavuta kiti nikakaa.

"Anko," akasema, "nimedisko."

Spika ya sikioni ya simu yangu ilishakufa, kwa hiyo siri zangu zote natangaza kwa sauti ya nje. Mama yangu, ambaye nyumba nzima inamwita Bibi, alikuwa kibarazani anachambua mchele. Hakuinua hata uso.

"Muulize ameenda na nani."

Ilibidi nimweleze Bibi kwamba disko la siku hizi halina muziki. Ni neno la Kizungu la kuachishwa masomo, wanachuo wamelikata mkia likabaki hivyo. Chuoni kwao GPA ya mwaka ikiteremka chini ya 1.8 unafungasha. Mpwa wangu alipata 1.7.

Nukta moja! Hata Mangi wa dukani kwetu, mwenye mizani inayoegemea upande wake tangu inunuliwe, hajawahi kumfukuza mteja kwa nukta moja. Na GPA yenyewe inapimwa kwa 5. Alama 70 kwenda juu ni A, unahesabiwa 5. Inashuka B+, B, C, hadi D ya pointi moja, halafu E ambayo haina kitu. Mtoto anaingia Novemba akiwa amebandika ukutani 4.4, kwa sababu huko ndiko daraja la kwanza linakoanzia. Kufika Februari anasema 3.5 nayo ni heshima. Kufika Juni anakwambia GPA haimpi mtu kazi, tazama matajiri. Julai anafunga na kuomba apate 2.0.

Jioni dada yangu alishafika kutoka Mbagala, kilemba upande, na nyuma yake shemeji amebeba tikitimaji kama mtu anayekwenda kutazama mgonjwa. Kikao kikaanza. Mshtakiwa aliketi kwenye ndoo.

Dada alilia kwanza kwa ajili ya mwanawe, akafuta machozi, akalia tena kwa ajili ya Bodi ya Mikopo. Nilimwelewa. Bodi inampa mwanachuo shilingi 10,000 kwa siku za kula na kulala, ile wanayoiita bumu, na siku inapoingia chuo kizima kinanuka chipsi. Sasa mtoto ameachishwa, deni linaendelea na masomo. Siku akipata ajira watamkata asilimia 15 ya mshahara kulipia chipsi za mwaka aliofukuzwa.

"Kuna rufaa," nikasema, kwa sauti ya mtu mzima aliyesoma. (Mimi mwenyewe nilimaliza chuo na sapu mbili na keri moja. Dada halijui hilo, wala safu hii haisomi.)

Neno rufaa likawapa watu uhai. Dada akatoa simu, akasoma ushauri wa jirani yake ambaye mwanawe aliwahi kurudishwa chuo: rufaa inataka ugonjwa au msiba. Basi tukaanza kutafuta ugonjwa. Malaria ilikataliwa kwa kuwa kila mtu anayo. Vidonda vya tumbo vilipendekezwa, mgonjwa mwenyewe akavikataa huku akimalizia kipande cha tatu cha tikitimaji. Tukahamia kwenye msiba. Ukoo mzima ukapitiwa, mjomba kwa mjomba, na kwa bahati mbaya mwaka ule hakuwa amekufa mtu. Dada alionekana kuudhika na ukoo.

Hapo ndipo Bibi alipoweka ungo chini.

"Andikeni nimekufa mimi."

Kimya. Shemeji akavua kofia, nadhani bila kujijua.

"Mimi nina miaka 74," akaendelea Bibi, "nani atashangaa? Andikeni nilikufa mwezi wa sita, ghafla, nikiwa namwita yeye. Ila rambirambi zikija zipite mkononi mwangu."

Ninaona aibu kusema kwamba pendekezo lilijadiliwa kwa dakika 20 nzima. Dada alishaanza kuandika kwenye kundi la ukoo kwamba Bibi amekubali. Kilichotuokoa ni mwongozo wa mitihani, ambao mpwa wangu anao kwenye simu tangu aingie chuo na alikuwa hajaufungua. Nikausoma kwa sauti. Kumbe ugonjwa na msiba ni mambo ya kuomba kuahirishiwa mtihani, na unatakiwa utoe taarifa mapema, na vielelezo juu. Rufaa ina milango yake mingine: kusahihishwa bila haki, alama kujumlishwa vibaya, au kasoro katika uendeshaji wa mtihani. Kwa maneno mengine, Bibi alitakiwa afe kabla ya mtihani, kwa maandishi.

Na muda ulikuwa siku 14 tangu matokeo yatoke. Mpwa wangu alishatumia 11 kukusanya ujasiri wa kuulizia kuku.

Shemeji akasema twende Ikulu. Shemeji hana jambo asilolirudisha kwa Mwalimu Nyerere, hata bei ya nyanya. Akatukumbusha kwamba Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga sheria ya kwenda JKT, Mwalimu akawatimua mamia kwa mkupuo, akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 kwa hasira, na mwisho akawasamehe wakarudi darasani. "Msamaha upo," akasema. Nikamwambia wale walifukuzwa kwa siasa, huyu amefukuzwa kwa somo la Ukaguzi wa Hesabu. Wale walikuwa na mabango. Wetu hana hata daftari.

"Hebu tuambie ukweli," Dada akamgeukia. "Ulikuwa unafanya nini mwaka mzima?"

Akaangalia chini, na sisi wote tukafuata macho yake, tukaishia kwenye miguu yangu. Ukweli nilikuwa nimeuvaa. Mtoto alikuwa anauza raba za mitumba. Saa kumi na moja alfajiri yuko Karume kuwahi marobota yakifunguliwa, saa nne anapiga picha na kuziweka mtandaoni, mchana anapeleka mzigo kwa wateja, jioni anakaa kwenye kimbweta kupiga msuli na usingizi unampiga yeye. Mimi aliniuzia jozi kwa 35,000, bei ya undugu, na nilimsifu kwamba ana akili ya biashara.

Nikarudisha miguu chini ya kiti.

Ilikuwa imebaki karatasi moja tu ya kutazamwa, matokeo yenyewe, ambayo nilishaichapisha steshenari kwa 500 nikiwa na nia ya kuitumia kumgombeza. Masomo 10, yote uzito sawa. C saba, B moja, E mbili. Karatasi ikazunguka mkono kwa mkono, kila mmoja akatikisa kichwa inavyostahili, ikamfikia Bibi. Bibi hajui GPA. Lakini ni mweka hazina wa kikoba mwaka wa 11 huu, na karatasi yenye mistari na safu anaisoma kama uso wa mdaiwa. Alipitisha kidole kutoka juu kwenda chini, taratibu, akasimama.

"Hapa pana nini?"

"Dashi, Bibi."

"Nimeona ni dashi. Nauliza pana nini. Wenzake wote hapa wana namba."

Ilikuwa safu ya kozi weki, zile alama 40 za majaribio ya katikati ya muhula. Kwenye Ukaguzi wa Hesabu palikuwa na mstari mfupi, kisha 31 ya mtihani wa mwisho, kisha jumla 31, kisha E.

"Kikobani kwangu," akasema Bibi, "ukiona dashi kuna mtu amekula."

Mpwa akasema labda hawakuingiza. Tesiti alifanya zote mbili. Karatasi? Anazo. Ziko wapi? Akaenda kwenye begi la biashara, akatoa raba nyeupe namba 42, akachomoa kutoka tumboni mwa kiatu cha kulia karatasi iliyofinyangwa ili kiatu kisipoteze umbo. Tesiti ya kwanza, 12 kwa 20. Kiatu cha kushoto, 10 kwa 20. Kwenye kisigino cha karatasi kulikuwa na saini ya mwalimu na doa la gundi.

Nikapiga hesabu mara tatu kwa sababu sijiamini. 22 na 31 ni 53, hiyo ni B, pointi tatu. Pointi 17 zinakuwa 20. 1.7 inakuwa 2.0. Yaani kwenye somo la kufundisha watu kutafuta fedha iliyopotea vitabuni, walikuwa wamepoteza alama 22, na aliyezikagua ni bibi wa darasa la nne.

Barua niliandika mimi usiku huohuo. Ilitakiwa iwe kwa Kiingereza, lugha ambayo nyumbani kwetu inaongewa na televisheni peke yake. Dada alitaka lazima liwepo neno "kunyenyekea", shemeji alitaka nakala kwa Waziri. Nilikataa yote mawili, nikabandika nakala za tesiti zilizopigwa pasi. Asubuhi tukalipia ada ya rufaa kwa kontroo namba. Ada ya kuwaonyesha kosa lao, eti, tunalipa sisi! Ofisini wakasema mwalimu wa somo yuko semina. Kesho yake semina. Siku ya 14, dakika chache kabla hawajafunga dirisha, karatasi ikagongwa mhuri.

Wiki tatu baadaye mpwa akapiga simu. Alianza na vocha, nikajua mambo yamekaa sawa. Seneti imerekebisha, GPA 2.0, amerudishwa. Ile E ya pili ni halali yake, ataifanyia sapu Septemba. Na sapu, hata ukipata 90, unaandikiwa C. Nyumba nzima ilishangilia mtoto kupewa ruhusa ya kufanya tena mtihani aliofeli.

Tatizo limebaki shangazi wa Tanga. Ule ujumbe wa Dada kwenye kundi la ukoo, "Bibi amekubali", yeye aliusoma kwa haraka kama "Bibi hayupo", akatuma 50,000. Tumempigia kumweleza, amelia kwa furaha, kisha akaomba hela yake. Bibi amesema rambirambi hairudi, na kwamba ahadi ilikuwa zipite mkononi mwake.

Sapu ni Jumatatu. Jana Bibi amechomoa 5,000 kwenye zile 50,000, akampa mjukuu wake ya nauli, akafungua daftari la kikoba na kuiandika kwenye safu ya mikopo.